Umepewa ripoti ya melanoma: namna ya kuisoma hatua kwa hatua

Maswali yanayorudi baada ya mtu kupewa majibu ya melanoma ni yaleyale. Clark IV ndiyo hatua ya nne ya saratani hii ya ngozi? Doa limeshatolewa, kwa nini nikatwe tena? Milimita 0.9 ni nyingi au ni kidogo? Mbona hawajanipiga CT skani? Majibu ya karibu yote yamo kwenye karatasi uliyoishika, ila imeandikwa na mpatholojia, yaani daktari anayechunguza kinyama kwa hadubini, kwa ajili ya daktari mwenzake, na wewe mwenye ngozi hukufikiriwa sana.

Mwongozo huu ni wa melanoma ya ngozi, pamoja na ile ya kiganja, unyayo na chini ya ukucha. Melanoma ya jicho, na ile ya utando laini wa mdomo, pua au sehemu za siri, hupangwa kwa vipimo tofauti. Ukiisoma kwa hatua hizi utajipotosha.

Kabla ya kuanza, uwe na:

- Nakala kamili ya ripoti, kurasa zote. Muhtasari uliosomewa kwa simu hautoshi, wala picha ya ukurasa wa mwisho.
- Nyongeza yoyote iliyotolewa baadaye. Vipimo vya rangi maalumu na vya jeni mara nyingi huja siku kadhaa baada ya ripoti ya kwanza, na huweza kubadilisha jibu.
- Tarehe ya biopsi, yaani siku kinyama kilipochukuliwa kupimwa, na picha ya doa kabla halijakatwa kama ipo.
- Rula yenye milimita na kadi ya benki. Kazi ya kadi utaiona hatua ya 4.
- Karatasi tupu yenye mistari mitano: imepenya au la, unene, kidonda, kingo, mikrosatelaiti. Hayo matano ndiyo yanayoamua kitakachofuata. Mengine mengi kwenye ripoti ni ya kujazia picha.

Hatua ya 1. Hakikisha ripoti ni yako, na ni ya doa hilohilo

Linganisha jina, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa mwili na upande. "Mguu wa kushoto" kwenye ripoti wakati kovu liko kulia si kosa dogo la uchapaji. Piga simu siku hiyohiyo. Kama ulikatwa madoa mawili au zaidi, kila kimoja kitakuwa na herufi yake, A, B, C. Angalia melanoma imeandikwa chini ya herufi ipi, kwa sababu watu hubeba vipimo vya doa B wakavipachika kwenye doa A.

Hatua ya 2. Tafuta kinyama kilichukuliwaje

Kuna njia tatu kuu. Doa lote hutolewa pamoja na milimita 1 hadi 3 za ngozi ya pembeni. Au hutobolewa kipande cha mviringo. Au hukwanguliwa juujuu kwa wembe. Njia ya kwanza ndiyo inayompa mpatholojia nafasi nzuri ya kupima, lakini usoni, kwenye unyayo au kwenye doa pana mno haiwezekani kila mara.

Lazima ulijue hili kabla ya kusoma namba yoyote. Kipande cha kutoboa kinaonyesha sehemu moja tu ya doa, na huenda sehemu nene iko kando yake. Kipande cha kukwangua kikikatiza melanoma kwa chini, unene halisi haujulikani bado, na ripoti itasema "angalau milimita kadhaa". Neno "angalau" lizungushie duara. Ukilisahau, kila hesabu utakayofanya baada ya hapo itakuwa na kasoro.

Hatua ya 3. In situ, au imepenya?

In situ maana yake seli za melanoma bado zimo ndani ya epidemisi, tabaka la juu la ngozi, ambako hakuna mishipa ya damu wala ya limfu ya kuzibeba kwenda kwingine. Hiyo ni hatua 0 ya saratani. Haina unene wa Breslow, kwa hiyo usiutafute. Tiba ni kukata vizuri na kufuatilia ngozi.

Iliyopenya imevuka kwenda kwenye demisi, tabaka la chini yake. Endelea na hatua zote.

Jihadhari na majina mawili yanayofanana: lentigo maligna ni in situ, lakini lentigo maligna melanoma imepenya. Neno moja tu limeongezeka na mambo yamebadilika.

Hatua ya 4. Unene wa Breslow

Ukipewa nafasi ya kusoma namba moja tu, soma hii. Alexander Breslow aliieleza mwaka 1970 na hadi leo hakuna kipimo cha doa lenyewe kinachotabiri mwenendo wake kuliko hiki. Mpatholojia anapima chini ya hadubini kutoka tabaka la punjepunje la epidemisi hadi seli ya melanoma iliyozama zaidi. Jibu huwa kwa milimita.

Sasa chukua kadi ya benki. Unene wake ni milimita 0.76. Mpaka wa kwanza muhimu wa melanoma ni milimita 0.8, yaani karibu sawa na kadi hiyo. Melanoma nyembamba kuliko kadi, isiyo na kidonda, ndiyo yenye matarajio bora kati ya zote zilizopenya.

Makosa matatu yanajirudia hapa:

- *Kuchanganya unene na upana.* Sehemu ya ripoti inayoeleza kinyama kwa macho matupu itataja kitu kama "milimita 14 kwa 9 kwa 5". Hivyo ni vipimo vya kipande cha ngozi kilichofika maabara. Doa lenye upana wa milimita 12 linaweza kuwa na Breslow ya 0.4.
- *Kujumlisha.* Biopsi imesema 0.7, upasuaji wa pili umekuta mabaki yenye 0.5, na mtu anaandika 1.2. Hapana. Inachukuliwa namba kubwa kati ya hizo, haijumlishwi.
- *Kusumbuka na desimali ya pili.* Kwa kupanga hatua, unene huandikwa kwa desimali moja. 0.96 inakuwa 1.0, na 1.04 nayo inakuwa 1.0.

Karibu na Breslow utaona namba ya Kirumi ya Clark, I hadi V. Hiyo inaeleza melanoma imefika tabaka gani: I ni epidemisi tu, II imeingia demisi ya juu, III imeijaza, IV imefika demisi ya chini, V imefika kwenye mafuta. Clark IV si hatua IV ya saratani. Hakuna kosa linalowanyima watu usingizi bure kuliko hili. Melanoma ya Clark IV yenye milimita 0.9 inaweza kabisa kuwa hatua I. Mfumo wa sasa wa kupanga hatua hautumii Clark kabisa. Maabara nyingi zinaiandika kwa mazoea.

Hatua ya 5. Kidonda

Kwenye ripoti huitwa ulserasheni. Maana yake epidemisi iliyoifunika melanoma imelika na haipo tena, kama inavyoonekana chini ya hadubini. Unaweza kuwa hukuona damu wala kigaga na bado ripoti ikasema ipo. Na ukikwaruza doa kwa kucha, mchubuko huo si ulserasheni, ingawa wakati mwingine mpatholojia hupata taabu kuvitofautisha. Kama uliliumiza doa siku chache kabla ya biopsi, mwambie daktari wako aipeleke habari hiyo maabara.

Ulserasheni inaipandisha melanoma daraja. Pia ikiwepo, unene hupimwa kuanzia kwenye sakafu ya kidonda, kwa kuwa juu yake hakuna kilichobaki cha kupimia. Kwa hiyo namba ya Breslow yenye kidonda haina wepesi sawa na namba hiyohiyo isiyo na kidonda.

Hatua ya 6. Weka herufi T mwenyewe

Ukishakuwa na unene na kidonda, unaweza kuhakiki herufi T iliyoandikwa, yaani daraja la doa lenyewe. Mfumo unaotumika ni toleo la 8 la AJCC, kamati ya Marekani inayopanga hatua za saratani, lililoanza kazi Januari 2018:

- Tis: in situ
- T1a: chini ya milimita 0.8, bila kidonda
- T1b: chini ya 0.8 yenye kidonda, au 0.8 hadi 1.0 kwa vyovyote
- T2: zaidi ya 1.0 hadi 2.0
- T3: zaidi ya 2.0 hadi 4.0
- T4: zaidi ya 4.0

Kuanzia T2, herufi "a" ni bila kidonda na "b" ni pamoja na kidonda. Herufi ndogo "p" mbele, kama pT2a, inaonyesha imepangwa kwa ushahidi wa hadubini.

T peke yake si hatua. Hatua inahitaji pia N, yaani tezi za limfu, na M, yaani kusambaa mbali. Kama tezi hazijaguswa na hakuna kilichosambaa, T1 na T2a ziko hatua I, T2b hadi T4b ziko hatua II. Hatua III ni pale seli zinapopatikana kwenye tezi za eneo hilo au kwenye ngozi iliyo kati ya doa na tezi. Hatua IV ni kusambaa mbali.

Usishangae watu wawili wenye T1b wakapewa majina tofauti. Ambaye tezi zake hazijapimwa huitwa IB, na aliyepimwa zikakutwa safi huitwa IA.

Hatua ya 7. Kingo, na kwa nini unakatwa tena

Kingo ni mipaka ya kipande kilichokatwa: za pembeni na ya chini. "Kingo ziko huru" maana yake hakuna melanoma iliyogusa mpaka katika vipande vilivyotazamwa. Angalia maneno hayo ya mwisho. Maabara hukata kinyama kama mkate wa boflo na kutazama uso wa vipande vichache, haitazami kila nukta ya ukingo. Zaidi ya hapo, seli chache zinaweza kuwa zimehama kidogo kutoka doa mama. Ndiyo sababu unarudishwa kwenye upasuaji hata ripoti ikiwa nzuri. Ngozi inayoongezwa kukatwa ni:

- In situ: sentimita 0.5 hadi 1
- Hadi milimita 1.0: sentimita 1
- Zaidi ya 1.0 hadi 2.0: sentimita 1 hadi 2
- Zaidi ya 2.0: sentimita 2

Kwa kina, hukatwa hadi kwenye utando unaofunika msuli. Usoni, kwenye vidole na karibu na viungo nyeti, daktari huweza kupunguza kwa sababu za msingi. Muulize ni zipi.

Sentimita hizo anazipima daktari wa upasuaji juu ya ngozi yako kwa rula kabla ya kukata. Kinyama kikiingia kwenye fomalini hunywea, basi ripoti ya pili ikisema "ukingo wa karibu zaidi ni milimita 8" wakati uliahidiwa sentimita 1, hujadhulumiwa. Ripoti hiyo ya pili ikisema hakuna melanoma iliyobaki, hilo ni jambo la kawaida na la kutarajiwa.

Hatua ya 8. Mikrosatelaiti kwanza, mengine baadaye

Mikrosatelaiti ni vikundi vidogo vya seli za melanoma vilivyojitenga na uvimbe mkuu. Ripoti ikisema vipo, simama hapo. Hata melanoma nyembamba yenye mikrosatelaiti inahamia hatua III, na mazungumzo na daktari yanabadilika. Hiki ndicho kipengele ambacho watu hukiruka kwa sababu kimefichwa katikati ya orodha ndefu ya "hakuna, hakuna, hakuna".

Vilivyobaki, kwa ufupi:

- *Mitosisi*: seli ngapi zinagawanyika katika milimita 1 ya mraba. Namba kubwa inaashiria ukuaji wa kasi. Toleo la 7 la mfumo uleule liliitumia kutenga T1b, toleo la 8 limeiondoa, hivyo maelezo ya zamani yanayokuambia mitosisi 1 inakupandisha daraja yamepitwa na wakati. Daktari bado anaizingatia.
- *Limfosaiti ndani ya uvimbe*: askari wa mwili walioingia vitani. Wakiwa wengi, kwa jumla ni habari njema.
- *Rigresheni*: sehemu ya melanoma imefutwa na kinga ya mwili. Haimaanishi unapona peke yako. Inaweza kufanya unene uonekane mdogo kuliko ulivyokuwa.
- *Kuingia kwenye mishipa ya damu au ya limfu, na kufuata neva*: vyote viwili vinaongeza uangalifu. Kufuata neva huonekana zaidi kwenye melanoma ya desmoplastiki, na kunaongeza uwezekano wa kurudi mahali palepale.
- *Nevasi iliyoambatana*: melanoma ilianzia kwenye doa la kawaida. Tiba haibadiliki.
- *S100, SOX10, Melan-A, HMB-45, PRAME*: ni rangi maalumu zinazomsaidia mpatholojia kutambua seli. "Chanya" hapa si kipimo cha ukali.

Aina ya melanoma, iwe ya kusambaa juujuu, ya nundu, au ya kiganja, unyayo na ukucha, haina uzito kama unene. Hiyo ya mwisho ina tatizo lake: ndiyo inayoongoza kwa watu wenye ngozi nyeusi, haisababishwi na jua kama nyingine, na hudhaniwa ni jeraha la kujikwaa au fangasi hadi inapokuwa nene. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu.

Hatua ya 9. Amua habari ya tezi mlinzi kabla ya upasuaji wa pili

Tezi mlinzi ni tezi ya limfu ya kwanza kupokea majimaji kutoka eneo la doa. Inatafutwa kwa kuchoma sindano ya dawa yenye mnururisho mdogo na mara nyingi rangi ya buluu, kisha inatolewa na kupimwa. Mkojo ukiwa wa kijani siku moja au mbili baadaye, ni rangi hiyo inatoka.

Mpangilio wa kawaida ni huu. T1a: haihitajiki, kwa kuwa uwezekano wa kukuta seli uko chini ya asilimia 5. T1b: ijadiliwe, uwezekano ni kama asilimia 5 hadi 10. Zaidi ya milimita 1.0: kwa kawaida unapewa nafasi ya kufanyiwa. Ni kipimo cha kujua uko wapi, na hufungua au kufunga mlango wa dawa za baadaye. Usikichukulie kama tiba.

Onyo kubwa la mwongozo mzima: kipimo hiki hufanywa siku moja na ule upasuaji mpana. Ngozi ikishakatwa pana, njia za limfu huvurugika na tezi sahihi huwa ngumu kuipata. Swali "je, nahitaji tezi mlinzi?" liulizwe kabla hujapangiwa tarehe.

Na CT skani? Kwa melanoma nyembamba isiyo na dalili, skani na vipimo vya damu kwa kawaida haviongezi kitu zaidi ya vivuli visivyo na maana vinavyozaa vipimo vingine. Kutopelekwa si kupuuzwa.

Yakikwama

*Ripoti haina unene, wala haisemi in situ.* Haijakamilika. Mwombe daktari airudishe maabara. Ni ombi la kawaida.

*Imeandikwa "angalau", na ukingo wa chini umeguswa.* Uliza kama sehemu iliyobaki itatolewa kwanza ili kupata unene kamili kabla ya kuamua upana wa upasuaji na suala la tezi. Ikiwa kilichoonekana tayari kimezidi milimita 1.0, mara nyingi hakuna haja ya kusubiri.

*Ripoti inasema hali "isiyo na uhakika", au uvimbe wa Spitz usio wa kawaida.* Haya ni madoa ambayo hata mabingwa hubishana. Omba maoni ya mpatholojia aliyebobea kwenye ngozi. Zinazosafirishwa ni slaidi na bloku za nta, si karatasi, na maabara huzitunza kwa miaka. Huna haja ya kukatwa upya.

*Maoni mawili yanatofautiana.* Tofauti ya 0.1 ni ya kawaida. Inakuwa na maana pale tu inapovuka mpaka, mfano 0.7 na 0.8, au moja ikisema in situ na nyingine imepenya. Hapo waombe madaktari wakae pamoja waamue kwa kutumia slaidi zilezile.

*Tezi mlinzi imekutwa na seli.* Zamani ilifuata kutoa tezi zote za eneo hilo. Utafiti wa MSLT-II, uliochapishwa 2017, ulionyesha kuzitoa zote hakupunguzi vifo vya melanoma ukilinganisha na kufuatilia kwa altrasaundi, na huacha wengi zaidi na mguu au mkono uliovimba. Sasa hufuata skani, kipimo cha jeni ya BRAF kwenye uvimbe, na mazungumzo kuhusu tiba ya kinga, kama pembrolizumab au nivolumab, au vidonge vya dabrafenib pamoja na trametinib iwapo BRAF imebadilika.

*BRAF chanya, na watoto je?* Badiliko hilo limetokea ndani ya uvimbe. Hukuzaliwa nalo na hulirithishi. Ndugu wa damu na watoto wakaguliwe ngozi kwa sababu nyingine: melanoma katika familia huongeza uwezekano, iwe BRAF imebadilika au la.

*Wiki zinapita bila tarehe ya upasuaji.* Kusubiri wiki chache baada ya biopsi ni jambo la kawaida. Ukifika mwezi mzima bila tarehe, piga simu na utaje namba zako: "melanoma, Breslow 1.6, ina kidonda". Maneno hayo matano yanamfanya anayepokea simu atafute faili lako haraka kuliko kusema una doa la saratani.

*Umeona uvimbe kwapani, shingoni au kwenye kinena, au kinundu kipya karibu na kovu.* Usisubiri miadi. Tezi inayopapaswa haipimwi kwa njia ya tezi mlinzi. Inachomwa sindano na kutazamwa moja kwa moja.